Kuuza Mkusanyo wa Sarafu za Kale Ukiwa na Shida ya Pesa: Mwongozo kwa Walio Arusha na Moshi

Anayeuza sarafu za kale kwa sababu ya shida hupunjwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kutojua alichoshika. Mara ya pili, ambayo ndiyo inayouma zaidi, ni kwa kuanza na kipande kizuri kuliko vyote, kwa kuwa ndicho mnunuzi wa kwanza atakachokitaka. Ada inadaiwa Jumatatu, dalali anachomoa noti mfukoni, na sarafu ya Wajerumani ya rupia 2 ya mwaka 1893 inaondoka kwa bei ya madini. Mwongozo huu umepangwa kuzuia kosa hilo la pili: unagawa mkusanyo kwa kasi ya soko lake, unauza haraka vile vyenye bei inayojulikana kila siku, na vingine unavipa muda wake.

Ni mali ya nani, na unahitaji kiasi gani

Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro mikusanyo mingi ni ya kurithi. Sababu inaeleweka: Wajerumani walijenga boma Arusha mwaka 1900, reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na vibarua wakalipwa, na kodi ya kibanda ikatozwa, kwa sarafu zao za rupia na heller. Zilizobaki ziliishia kwenye mikebe na masanduku ya bibi. Kama aliyeziacha amefariki na mirathi haijafungwa, sarafu hizo si zako peke yako. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na pesa inaingia kwenye hesabu ya mirathi. Itisheni kikao, andikeni muhtasari, kila mrithi aweke sahihi. Shangazi ambaye hakuitwa kikaoni ndiye atakayefika kituo cha polisi, na mnunuzi makini akisikia kuna mvutano hanunui.

Kisha andika namba mbili kwenye karatasi: kiasi unachohitaji, na tarehe ya mwisho. Si kiasi unachotamani. Anayehitaji laki sita hana sababu ya kuuza mkusanyo mzima; mara nyingi vipande vichache vinatosha. Na kama kipande chako kikubwa kinahitaji miezi kadhaa kuuzwa vizuri, angalia kama kikundi chako cha VICOBA au SACCOS kinaweza kukukopesha kwa muda huo, kisha ulipe kutokana na mauzo. Mikopo ya kausha damu haimo kwenye hesabu hii: riba yake itakula tofauti yote ya bei uliyokuwa ukiisubiri.

Usisafishe kitu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea nyumbani, kabla hata mnunuzi hajaonekana. Majivu, ndimu, dawa ya meno, soda, steelwool, dawa ya kung'arishia fedha: vyote vinaondoa ngozi ya juu ya chuma. Sarafu iliyotoka kiwandani ina mng'ao unaozunguka ukiigeuza chini ya taa, kwa sababu ya mistari midogo mno iliyoachwa na mgandamizo wa mashine. Ukiisugua, mistari hiyo inalimwa na mahali pake panabaki mikwaruzo. Itang'aa, ndiyo, lakini mng'ao wake utakuwa umekufa, na mkusanyaji anautambua kwa sekunde moja. Kampuni za upimaji kama NGC na PCGS hazitoi daraja la kawaida kwa sarafu iliyosafishwa vibaya. Huiandikia kwamba ina kasoro, na bei inashuka hata kwa nusu au zaidi. Weusi kwenye rupia ya fedha, hudhurungi kwenye shaba, hivyo viache. Kuna wakusanyaji wanaolipa zaidi kwa sababu yake.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa. Kama sarafu zilikaa kwenye mifuko laini ya plastiki na zimepata utando wa kijani unaonata, huo unatoka kwenye plastiki yenyewe na utaendelea kula chuma. Loweka sarafu dakika chache kwenye asetoni safi (si dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta), ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Itoe, iache ikauke yenyewe. Usipanguse.

Shika sarafu ukingoni, kwa vidole vikavu, juu ya taulo iliyokunjwa ili ikiteleza isipige sakafu. Kila moja iwekwe kwenye bahasha ndogo ya kaki, na maelezo yaandikwe kwenye bahasha kabla sarafu haijaingia. Kipande chochote kilichoko kwenye kapsuli au boksi la kiwandani kisitolewe. Boksi na cheti ni sehemu ya bei.

Tambua ulichonacho

Tenga meza, taa, na lensi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia wanunuzi wa tanzanaiti, Arusha haikosekani. Panga sarafu kwa mtawala, si kwa ukubwa.

Za Wajerumani zimeandikwa Deutsch-Ostafrika au jina refu la kampuni iliyotangulia, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Sarafu za shaba ziitwazo pesa, za 1890 hadi 1892, zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na mwaka wake ni wa Kiislamu: 1307, 1308 au 1309. Zilitengenezwa kwa mamilioni, hivyo iliyolika haina bei ya kujivunia hata iwe na miaka zaidi ya 130. Umri peke yake haulipwi. Kinacholipwa ni uchache na hali. Rupia za fedha zenye Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma zinapendwa zaidi, na rupia 2 za 1893 na 1894 ndizo za kutafuta. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa katika heller 100. Heller 1 ni ya kawaida kabisa. Heller 5 ya shaba ya 1908 na 1909, kubwa kama kifuniko cha mtungi mdogo na nzito karibu gramu 20, ina wanunuzi wengi ikiwa haijagongwa kingo. Herufi ndogo kwenye sarafu ni alama ya kiwanda kilichoipiga: A ni Berlin na J ni Hamburg, na wakati mwingine herufi hiyo ndiyo inayotofautisha sarafu ya kawaida na ya nadra kwa mwaka uleule.

T ni Tabora, na hizi zikae peke yake. Mwaka 1916, vita vikiwa vimeziba njia ya baharini, Wajerumani walitengeneza sarafu zao kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Heller 20 zipo nyingi na nyingine zimepigwa vibaya, lakini ubovu huo ni wa asili yake na hauipunguzii sarafu heshima. Linganisha ukubwa wa taji na umbo la herufi, kwa kuwa kuna aina kadhaa na bei zake zinatofautiana. Heller 5 ya Tabora ni chache zaidi. Rupia 15 za tembo zilitengenezwa 16,198 tu. Ukiwa nayo ya kweli, bei yake hupita thamani ya dhahabu iliyomo mara kadhaa, na usiionyeshe mtu yeyote mjini mpaka umalize kusoma.

Za Waingereza zimeandikwa East Africa. Shilingi ya simba ya kuanzia 1921 hadi 1946 ina fedha robo moja tu (250 kwa 1000). Kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Florini ya 1920 ina fedha nusu. Senti 10, senti 5 na senti 1 zenye tundu, zikiwamo za 1936 zenye jina la Edward VIII, ni nyingi sana. Watu wanasikia kwamba mfalme huyo alikaa madarakani chini ya mwaka wakadhani wana utajiri, lakini sarafu zake za Afrika Mashariki zilitoka kwa mamilioni. Herufi H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay.

Za Zanzibar: pesa za shaba zenye mizani za Sultani Barghash (mwaka wa Kiislamu 1299 na 1304) ni za kawaida. Riyali yake ya fedha ya 1299 si ya kawaida hata kidogo, wala senti za 1908 zenye mnazi. Ukikuta mojawapo, iweke fungu moja na ya tembo.

Halafu kuna dola kubwa ya Maria Theresa, yenye mwanamke na mwaka 1780. Mwaka huo usikudanganye. Iliendelea kupigwa na mwaka uleule kwa zaidi ya karne moja na nusu, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko. Nyingi zinauzwa kwa bei ya fedha iliyomo na nyongeza ndogo.

Za Tanzania huru kuanzia 1966 (mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50) ni za watalii. Isipokuwa zile za uhifadhi za 1974: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma.

Rupia iliyotobolewa au kuchomelewa kitanzi ili ivaliwe shingoni imepoteza karibu thamani yake yote ya ukusanyaji. Ihesabu kwa madini, au kama pambo ikiwa bado iko kwenye mkufu wake wa asili.

Pima, kwa sababu bandia zipo

Unahitaji mzani wa kidijitali unaosoma 0.01 ya gramu. Vipimo vya kulinganisha ni hivi: robo rupia gramu 2.92, nusu rupia 5.83, rupia 11.66, rupia 2 gramu 23.32, zote zikiwa na fedha 917 kwa 1000. Rupia 15 ya Tabora ni gramu 7.168, dhahabu 750. Maria Theresa 28.07, fedha 833. Shilingi ya simba 7.78. Pauni ya dhahabu ya Uingereza 7.98, dhahabu 917. Sarafu iliyotembea sana hupungua kidogo, kwa hiyo rupia yenye 11.5 isikushtue. Yenye 10.2 ikushtue. Iliyozidi uzito wake wa asili ikushtue zaidi, maana kutumika hakuongezi chuma.

Sumaku husaidia kidogo. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi, hivyo rupia inayoganda kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa. Lakini shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) haivutwi pia, na bandia nyingi ni za hiyo. Tena, shilingi za Tanzania za miaka ya mwisho ya 1980 zina chuma ndani na huvutwa zikiwa halali kabisa.

Kipimo cha maji ndicho chenye meno. Weka glasi ndogo ya maji juu ya mzani, rudisha mzani kwenye sufuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize mpaka izame yote bila kugusa chini wala kuta za glasi. Namba inayosomeka ni ujazo wake. Gawanya uzito kwa namba hiyo. Rupia ya kweli itakupa ujazo wa 1.13 hivi, na jibu karibu 10.3. Bandia ya shaba nyeupe yenye uzito uleule itasoma karibu 1.31, na jibu 8.9. Rupia 15 ya dhahabu inatakiwa kusoma chini ya 0.5, na jibu karibu 15. Viputo vya hewa vilivyonasa kwenye maandishi huongeza ujazo na kukufanya ushuku sarafu nzuri; itikise kidogo kwanza. Ikaushe kwa kuibonyeza kwenye kitambaa laini, si kwa kuifuta. Za shaba zenye rangi yake ya asili usizitumbukize.

Sonara akitaka kuisugua kwenye jiwe lake na kudondoshea asidi, kataa, mpaka uwe umeamua kabisa kuiuza kwa kuyeyushwa. Alama ya jiwe haitoki. Wanunuzi wakubwa wa dhahabu wana mashine ya mionzi isiyoacha alama. Kumbuka tu kwamba mashine hiyo inasoma juu juu, na kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuipita. Uifuatishe na kipimo cha maji.

Bei ya chini: usiivuke

Kila kipande cha fedha au dhahabu kina sakafu yake. Zidisha uzito kwa kiwango cha usafi, kisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia ya madini ni gramu 31.1035, si ile ya dukani. Rupia moja ina fedha safi gramu 10.69, rupia 2 ina 21.38, Maria Theresa 23.4, shilingi ya simba 1.94 tu. Rupia 15 ina dhahabu safi gramu 5.38, pauni ya Uingereza 7.32. Kwa mfano, kama fedha ingekuwa shilingi 3,000 kwa gramu, rupia moja isingeshuka chini ya shilingi 32,000 kwa madini peke yake. Sonara atakata faida yake, na hiyo ni haki yake. Lakini anayekupa 8,000 kwa rupia anakuibia hata ingekuwa imelika ikabaki duara.

Bei ya ukusanyaji itafute kwenye mauzo yaliyokamilika. Mtu anaweza kuandika mtandaoni kwamba anauza senti 20 ya mbuni kwa dola milioni moja. Kuandika ni bure. Kwenye eBay chuja zile zilizouzwa tu. Kwa vipande vikubwa angalia matokeo ya minada iliyopita ya nyumba kama Heritage Auctions ya Marekani au Künker ya Ujerumani, ambako sarafu za makoloni ya Kijerumani zina wanunuzi wa kudumu. Tovuti ya Numista inakusaidia kutambua aina, uzito na herufi ya kiwanda bila malipo. Linganisha hali na hali: picha ya sarafu ambayo manyoya ya tai yanahesabika si bei ya yako ambayo tai amebaki kivuli.

Mafungu matatu

Fungu la haraka ni lile ambalo madini ndiyo bei: pauni za dhahabu, Krugerrand (za dhahabu za Afrika Kusini), Maria Theresa za kawaida, rupia zilizotobolewa au kulika sana. Hizi zinauzwa kwa siku moja au mbili na hasara ni ndogo. Kama shida yako inatoshelezwa na fungu hili, simama hapo.

Fungu la wiki chache ni vitu vidogo: pesa za shaba, heller, senti zenye tundu, sarafu za 1966. Nje ya nchi kila kimoja ni dola chache na posta ingekula zote, lakini Arusha kuna mtalii anayetaka kitu kidogo cha kweli cha kurudi nacho. Usiuze kwa kilo. Weka sarafu moja kwenye mfuko mdogo wazi na kadi yenye mwaka, kiwanda na sentensi mbili za historia kwa Kiingereza au Kijerumani. Acha 20 au 30 kwa mali kauli kwenye duka la vinyago au mapokezi ya hoteli, kwa orodha iliyosainiwa inayotaja bei ya chini na kamisheni, na pitia kila Jumamosi. Juni hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari, mzunguko ni mzuri. Aprili na Mei masika yanafukuza wageni, na mwenye duka atakuomba bei ishuke, ngoja. Bei iandikwe na ilipwe kwa shilingi, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kupokea malipo ya bidhaa nchini kwa fedha za kigeni.

Fungu la miezi ni Tabora, rupia 2, rupia zenye mng'ao wa kiwandani, riyali ya Barghash, dhahabu ya 1974. Hapa mnunuzi wa mjini karibu hayupo. Aliyepo ni dalali atakayempelekea mnunuzi wa kweli. Andikia nyumba mbili au tatu za minada, tuma picha, na uulize mambo haya kwa maandishi: kamisheni ya muuzaji ni asilimia ngapi, nani analipa bima na usafiri, ada ya picha ipo, bei ya chini ya kulinda ipo, wanalipa siku ngapi baada ya mnada, na kwa njia gani inayofika kwenye akaunti yako ya benki ya hapa. Wakisema watakutumia pesa "baada ya ada ya kibali", hao si nyumba ya mnada. Tangu kutuma mpaka kulipwa miezi mitatu hadi sita ni jambo la kawaida, na ndiyo maana fungu hili halitegemewi kwa ada ya muhula huu.

Rupia zenye hali ya kati zinakaa katikati. Wape wakusanyaji wa Tanzania na Kenya kwanza, kwenye vikundi vya Facebook na WhatsApp, kwa bei inayozidi sakafu ya madini; wasipofika bei ndani ya wiki tatu, ziunge kwenye fungu la miezi kama kifurushi kimoja.

Picha na orodha

Karibu na dirisha, asubuhi, bila mwako wa simu, juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa, simu ikiwa imelazwa juu ya vitabu viwili ili isitikisike. Pande zote mbili, na ukingo kwa vipande vikubwa. Picha moja iwe na rula. Usitumie programu za kurembesha: mnunuzi akipokea kitu cheusi alichokiona cheupe atarudisha, na gharama ni yako. Katika orodha andika namba, aina, mwaka, herufi, uzito, kasoro. Kasoro zitaje wewe kabla hajazitaja yeye. Nakala moja ya orodha ibaki kwa mtu unayemwamini.

Sheria usizoziruka

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za shaba za Kilwa na nyingine za umri huo haziuzwi kiholela wala hazisafirishwi nje bila kibali. Uliza Idara ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii kabla ya kutangaza popote. Ukiwa Arusha unaweza kuanzia kwenye makumbusho yaliyo ndani ya boma la Wajerumani, wakuelekeze. Sarafu uliyoifukua shambani usiichanganye na za kurithi. Za dhahabu zinazokwenda nje, uliza Tume ya Madini na forodha mapema na upate jibu la maandishi.

Kwenye posta, sarafu hazitumwi kwa barua ya kawaida. Taratibu za posta za kimataifa zinataka kifurushi kilichosajiliwa au chenye bima. Kampuni nyingi za vifurushi hazipokei sarafu wala madini ya thamani, na ukiandika "vipuri" bima yako inakufa hapo hapo. Soma masharti, jaza fomu ya forodha kwa ukweli, nje ya boksi pasionekane neno linalotaja kilichomo. Kila sarafu ibanwe isisogee: zikigongana njiani, kingo zitafika na alama mpya.

Siku ya kukabidhi

Kutana ndani ya ukumbi wa benki, si mgahawani wala kwenye gari la mnunuzi, hata kama ni mtu wa heshima zake. Njoo na wa pili. Toa kipande kimoja kwa wakati, kirudi mkononi mwako kabla ya kingine kutoka. Mchezo wa kubadilisha sarafu hufanyika meza ikiwa imejaa. Noti zihesabiwe na mashine ya benki na ziwekwe kwenye akaunti hapo hapo. Kama ni kwa simu, usiamini ujumbe unaoonyeshwa wala ulioingia. Fungua menyu mwenyewe uangalie salio.

Mtu akikuuliza kama rupia yako "inavuta" mchele au inazima simu, funga mkoba uondoke. Fedha haivuti mchele. Hiyo ni biashara ya watu wengine, na mwisho wake ni wewe kuchangia pesa ya kumleta "Mzungu mnunuzi" kutoka Nairobi. Vivyo hivyo anayetaka kubaki na sarafu usiku mmoja "akaipime": apime mbele yako.

Kwa mauzo ya laki kadhaa na kuendelea, andikianeni hati ya mauziano yenye orodha ya vipande na uzito wake, majina, namba za vitambulisho vya NIDA, bei, na sentensi inayosema kama mnunuzi anaweza kurudisha na ndani ya siku ngapi. Siku saba zinatosha. Shahidi awe mwenyekiti wa mtaa au wakili. Nakala ya hati hiyo na picha za vipande vilivyouzwa vitunzwe pamoja. Kama sarafu ni za mirathi, msimamizi atavihitaji mahakamani wakati wa kufunga hesabu.